Mlima wa Mwisho wa Gaston

Roz alipogonga mlango, Odile Thibault alikuwa jikoni kwake akisugua sufuria. Alichungulia dirishani, akamwona mke wa mume wake wa zamani amesimama kwenye ngazi, theluji imemjaa mabegani, naye akawaza jambo moja tu: Armand amekufa.

Akafungua mlango upesi, mikono ikichuruzika povu.

"Hajafa," Roz akasema, maana aliusoma uso wake. "Yupo. Analalamika kama kawaida."

"Basi ingia. Unaniingizia baridi."

Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita tangu Odile afunge masanduku yake na kuhama nyumba ya Armand, na kumi na minne tangu Roz aingie. Katika mji mdogo kama ule wa kaskazini mwa New Hampshire watu hawawezi kukwepana. Wanawake hao wawili walisalimiana dukani mbele ya kabichi, wakasalimiana tena posta, kila mmoja akaenda zake. Hawakuwa na ugomvi. Hawakuwa na la kuambiana tu.

Roz akakaa ukingoni mwa kiti bila kuvua koti. Armand, mtu aliyezunguka milimani nusu ya umri wake bila kuvunjika hata kidole, aliteleza mwezi wa kwanza kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe, amekumbatia kuni, akavunjika nyonga. Hayo Odile alikuwa ameyasikia. Mji mzima uliyasikia. Asilolijua ni habari ya mbwa.

"Gaston amebakiza mlima mmoja," Roz akasema.

Odile hakuhitaji kuelezwa zaidi. Watu wa kule wana orodha ya vilele arobaini na vinane, na wenye kichaa zaidi huvipanda vyote wakati wa baridi. Armand alikuwa ameimaliza orodha hiyo zamani, kisha akaanza upya na mbwa wake. Gaston alikuwa amepanda arobaini na saba kwa miguu yake minne. Kilibaki Dunmore.

"Ana miaka kumi na miwili," Roz akaendelea. "Daktari wa wanyama anasema viungo vyake havifiki baridi ya mwakani. Na kwa hesabu za watu wenu wa orodha, majira ya baridi yanakwisha tarehe ishirini mwezi huu wa tatu. Leo ni tarehe sita."

"Armand ndiye amekutuma?"

"Armand? Armand anaweza kuomba kitu? Kila asubuhi anasikiliza hali ya hewa ya milimani, anamtazama mbwa, halafu ananyamaza mpaka chakula cha mchana."

Odile aliujua ukimya huo. Ndio uliomtoa kwenye nyumba ile.

"Mpeleke wewe, basi."

"Mimi napokea simu kwa daktari wa meno, Odile. Mahali pa juu kabisa nilipowahi kupanda ni ngazi za maktaba."

"Kwa hiyo unataka nimpeleke mimi."

"Nataka utupeleke. Gaston hafuati mtu asiye wa nyumbani kwake. Nimeshajaribu kumpa jirani ampeleke, mbwa akakaa katikati ya barabara kama gunia la viazi."

Odile alikuwa na miaka sitini na mitatu. Aliendesha basi la shule miaka ishirini na saba, akastaafu na magoti yake yakiwa mazima, na bado alipanda milima mara mbili kwa mwezi, theluji iwepo isiwepo. Alikausha mikono yake polepole, akatazama nje, mawingu yalikokuwa yakielekea.

"Jumamosi upepo utapungua," akasema. "Una viatu?"

"Vya kanisani au vya bustani?"

Odile akafumba macho kidogo.

*

Jumamosi saa moja kasorobo asubuhi walifika pamoja kwenye maegesho ya chini ya mlima. Kipimajoto cha gari la Odile kilionyesha digrii kumi na nne chini ya sifuri. Armand aliambiwa kwamba Roz anakwenda kwa dada yake mjini Concord na mbwa kaenda naye kunyoosha miguu. Jirani alikuwa amekubali kumpelekea chakula cha mchana.

Odile akafungua mkoba wa Roz, akaanza kutoa vitu na kuvirudisha garini.

"Mwavuli?"

"Nilifikiri theluji ikianguka..."

"Riwaya. Kioo. Hii ni nini?"

"Krimu ya mikono."

"Na sweta hilo ulilovaa ni la pamba. Vua."

"Hapa? Na baridi hii?"

"Pamba ikilowa jasho huko juu inakuwa sanda. Vaa hili la sufu, ni langu. Linanuka moshi lakini halijaua mtu."

Roz akavua huku akipiga mayowe madogo madogo, akavaa. Jibini, soseji zilizokaushwa na chupa ya supu ya njegere viliruhusiwa kubaki. Odile akamfunga miguuni vile viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji, akamkaza mikanda, kisha akampa fimbo mbili. Gaston, mbwa mkubwa mweusi mwenye ndevu zilizokwisha kuwa nyeupe, alivalishwa fulana ya rangi ya chungwa na viatu vinne vya mpira. Aliinua mguu mmoja baada ya mwingine kwa subira, kama mzee anayevalishwa na wajukuu.

"Mambo mawili," Odile akasema. "La kwanza, tunatembea polepole kiasi kwamba utaona aibu. Ukianza kutoka jasho, niambie, tunapunguza nguo. La pili, saa saba mchana, popote tulipo, tunageuka. Hata kama kilele kipo pale ninapoweza kukitemea mate."

"Na mbwa?"

"Mbwa naye ana saa."

Walianza kupanda katikati ya misonobari. Theluji ilikuwa imeshindiliwa na waliopita siku zilizotangulia, ikawa njia nyembamba ngumu, na pembeni yake theluji laini isiyo na mwisho. Roz aligundua hilo katika dakika ya kumi. Alikanyaga pembeni hatua moja tu, akazama mpaka kiunoni.

"Odile."

"Naam."

"Sioni miguu yangu."

Odile akageuka, akamkuta mwenzake amesimama nusu mtu, Gaston akimlamba pua. Akajitahidi asicheke, akashindwa. Alimchimbua kwa mikono na kiatu, akamvuta kwa mkoba wake, wakaanguka wote wawili chali njiani.

"Miaka kumi na minne," Roz akasema akihema, macho yakitazama matawi, "nimekuwa nikimfulia Armand soksi zake za mlimani, nikijiuliza anafuata nini huku. Kumbe anafuata kuzama."

"Wengine hulipa pesa kwa ajili ya hayo."

Walipumzika, wakaendelea. Kadiri walivyopanda, misonobari ilipungua urefu. Kwanza ilikuwa mirefu kuliko nyumba, kisha ya kimo cha mtu, kisha ikawafika magotini, imefunikwa barafu hata matawi hayaonekani. Roz alivua koti, akavaa koti, akavua kofia. Hakulalamika tena. Odile, aliyekuwa amejiandaa kusikia malalamiko ya siku nzima, alianza kumtazama kwa jicho jingine.

Saa tano walitokea mgongoni mwa mlima.

Hapo miti ilikwisha kabisa. Mgongo ulinyooka mbele yao kilomita moja na nusu hivi, mweupe, mwembamba, ukipanda na kushuka mpaka kwenye nundu ya mwisho, ambayo ndiyo kilele cha Dunmore. Kulia na kushoto milima mingine ilipangana safu nyuma ya safu, ya karibu myeupe, ya mbali ya buluu. Michirizi ya theluji kavu ilipita chini ikiwagusa vifundo vya miguu, ikitoa sauti kama mchele unaopepetwa. Jua lilikuwa kali. Hapakuwa na mtu mwingine hata mmoja.

Roz alisimama.

"Haya ndiyo anayoyafuata," akasema hatimaye.

"Hapa sasa si kuzama tena," Odile akamjibu. Akapiga goti, akamfungua vile viatu vipana, akamfunga vyuma vyenye meno badala yake. "Kanyaga kwa nguvu, meno yaingie. Na usiende upande wa kushoto. Ile theluji unayoiona imejitokeza kama paa, chini yake ni hewa tupu."

Walitembea kwenye mgongo kwa mwendo wa harusi, wakifuata mirundo ya mawe iliyowekwa kuonyesha njia, kila mrundo umevaa barafu kama manyoya upande wa upepo. Gaston alitangulia, mkia juu. Odile alihisi kifua chake kimefunguka. Alikuwa amepita njia hii mara nyingi, tena mara ya kwanza kabisa na Armand, wakiwa na miaka ishirini na kitu, na hakuwa amewaza kwamba ingempendeza kupita na mke wake wa sasa.

Zilipobaki kama hatua mia nne hivi kufika kilele, Gaston alikaa chini.

Roz akamwita. Hakuinuka. Odile akamshika shingo kwa upole, akamsukuma kwa nyuma. Gaston akalala.

"Amekufa?" Roz akauliza kwa sauti ndogo.

"Mbona wewe na mimi tunapenda kuua watu? Yupo, ona, anakutazama." Odile akavua glavu, akakagua miguu. Kiatu kimoja cha nyuma kilikuwa kimepotea njiani, na barafu ilikuwa imeganda vipande vipande katikati ya vidole. Aliushika ule mguu, akapuliza pumzi ya moto, akavitoa vipande kimoja kimoja, vingine kwa meno.

"Unauma mguu wa mbwa," Roz akasema.

"Naona."

"Basi tu nimekuambia."

Odile akatoa glavu ya akiba mkobani, akaivisha ule mguu, akaifunga kwa kamba ya kiatu. Gaston akainusa glavu, akarudisha kichwa chini. Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

"Tumbebe," Odile akasema. "Kilo thelathini. Wewe mbele, mimi nyuma."

"Haiwezekani. Orodha inasema kwa miguu yake mwenyewe."

"Nani atajua, Roz? Hapa tupo wawili na kunguru."

"Mimi nitajua. Armand ataniuliza, na mimi uongo nimeshamwambia mmoja leo, wa pili utanishinda."

Ghafla akachomoa simu ndani ya koti. Pale juu mtandao ulikuwa mzuri kuliko mjini. "Sauti yake," akasema. "Akisikia sauti yake atainuka." Kabla Odile hajasema lolote, simu ilikuwa inaita, Roz ameishikilia karibu na sikio la mbwa.

"Umeshafika Concord?" ikasema sauti ya Armand.

"Armand, sema na Gaston."

"Huo upepo si wa Concord."

Roz akamtazama Odile. Odile akatazama milima.

"Roz. Uko wapi?"

"Dunmore. Mgongoni. Karibu na kilele."

"Na nani?"

"Na Odile."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kiasi kwamba Roz alitazama kama simu imezimika. Kisha sauti ikarudi, kavu, ya chini:

"Mwambie asikupitishe upande wa kushoto. Mwaka huu theluji imejitokeza sana."

"Nimekusikia!" Odile akapaza sauti. "Na nilikuwa najua kabla yako!"

"Najua kwamba unajua," Armand akasema. "Haya. Niwekee mbwa."

Akamwita Gaston kwa jina, mara mbili, kisha akapiga ule mluzi wake wa chini. Gaston aliinuka papo hapo. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akamtafuta bwana wake kwenye theluji yote ile na asimwone. Halafu akafikia uamuzi wake: kama Armand hayupo hapa, basi yupo nyumbani. Akageuka, akaanza kushuka mgongo kurudi garini, mbio mbio, ile glavu ikipepea mguuni.

"Sio huko!" Roz akapiga kelele. "Gaston! Armand, kata simu, umeharibu!"

Odile alimfukuza, akamkamata fulana baada ya hatua hamsini, wakaburutana kurudi. Alipofika kwa Roz alimkuta ameketi kwenye theluji, machozi yanamtoka, na Odile alifikiri analia, kumbe anacheka hata hawezi kuvuta pumzi. Odile naye akaketi. Walicheka mpaka mbavu zikawauma, na kila walipoanza kunyamaza mmoja wao alisema "sio huko," wakaanza upya.

"Basi," Odile akasema akijifuta macho kabla machozi hayajaganda. "Tule. Tuna nusu saa."

Walijibanza nyuma ya jiwe kubwa, upande usio na upepo, mbwa katikati yao. Supu ya njegere ilikuwa bado ya moto. Jibini lilikuwa gumu kama sabuni, wakalitafuna hivyo hivyo. Gaston alikula soseji mbili, akalaza kichwa chake mapajani mwa Roz, akafumba macho.

"Naweza kukuuliza?" Roz akasema.

"Uliza."

"Ulimwacha kwa sababu gani? Yeye hakuwahi kuniambia. Mimi sikuuliza."

Odile akapuliza supu. "Hakunifanyia ubaya wowote. Ndiyo shida, sikuwa na cha kumlaumu. Milimani tulikuwa sawa, kule mtu hahitaji kuongea. Lakini Jumatatu ilikuwa inarudi, na Jumanne, na mimi nakaa na mtu mezani nasikia saa ya ukutani tu. Siku moja nikajikuta nazungumza na friji. Nikasema, Odile, ondoka." Akamtazama. "Wewe unawezaje?"

"Mimi naongea peke yangu siku nzima, kwenye simu, na watu wenye maumivu ya meno. Nikifika nyumbani nataka mtu anyamaze. Na nikitaka kuongea naongea, yeye anasikiliza. Unajua anasikiliza kila kitu? Baada ya wiki mbili anakukumbusha ulichosema."

"Hilo sikulijua," Odile akasema, na ilikuwa kweli. Alilipokea bila uchungu, kama mtu anayeelezwa kitu kuhusu nyumba aliyowahi kupanga.

"Mimi na wewe tunaitanaje?" Roz akauliza. "Nilimwambia mwenzangu kazini ninakwenda mlimani na nani, nikakosa jina."

"Wake wenza wa zamu," Odile akasema. "Mimi nilishika asubuhi, wewe umeshika mchana."

Roz akatema supu.

Ni hapo Gaston alipoinuka. Hakuna aliyemwita. Alijinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akajikung'uta theluji usoni mwao, kisha akashika njia ya kilele, polepole, bila kugeuka nyuma, kama aliyekwisha kumaliza mapumziko yake na hana muda wa kusubiri wanawake wenye soga. Wakakusanya vikombe ovyo ovyo wakamfuata.

Alisimama mara mbili, nao wakasimama nyuma yake kimya, bila kuthubutu hata kukohoa. Alipofika kwenye nundu ya mwisho alizunguka ule mrundo mkubwa wa mawe, akaunusa pande zote, akainua mguu wenye glavu na kuukojolea. Odile akatazama saa. Saba kasoro dakika nane.

Roz alipiga magoti, akamkumbatia mbwa, uso wake umezama kwenye fulana ya chungwa. Odile alisimama kando, akawaacha. Kutoka pale aliona vilele vyote alivyovijua kwa majina, akavitaja moyoni bila kusudi, na jua lilikuwa likimwangukia shavuni. Alisikia furaha isiyo na kelele, ya kutosha.

"Njoo kwenye picha," Roz akamwita.

"Piga ninyi wawili."

"Njoo wewe! Armand ataniuliza nani aliyefungua njia."

Wakapiga picha, vichwa vitatu, kimoja kina ndevu nyeupe.

Kushuka kulikuwa rahisi. Walipofika kwenye miti, palipokuwa na mteremko mrefu usio na mawe, Odile alikaa chini, akakumbatia fimbo zake na kuteleza kwa makalio mpaka chini. Roz alisimama juu akitikisa kichwa.

"Nina miaka hamsini na sita, Odile!"

"Mimi sitini na mitatu! Vua vile vyuma kwanza, usije ukavunjika!"

Alishuka akipiga ukelele mmoja mrefu usiokatika, Gaston akibweka nyuma yake.

Saa kumi walikuwa nyumbani kwa Armand. Odile alikusudia kuwashusha tu, lakini Roz alichukua ufunguo wa gari na kuingia nao ndani, kwa hiyo ikambidi afuate. Hakuwa amekanyaga jiko lile miaka kumi na tisa. Rangi ya kuta ilikuwa imebadilika, ikawa nzuri zaidi.

Armand alikuwa ameketi kitandani sebuleni, nywele zimechanwa kwa maji. Gaston alipanda kitandani, jambo lisiloruhusiwa, akajitupa juu ya miguu yake mizima na kukoroma hapo hapo. Armand aliweka mkono juu ya ile glavu, akauacha.

"Theluji ilikuwaje mgongoni?" akauliza.

"Ngumu. Nzuri kwa vyuma," Odile akasema.

"Nani alitangulia?"

"Mbwa."

Armand akatikisa kichwa kukubali. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na ikawa dhahiri kwamba anatafuta neno. Walimsubiri. Roz alisimama na sahani mkononi, Odile na kofia yake.

"Asanteni," akasema. Kisha: "Kaa ule, Odile. Kuna pai ya nyama. Jirani ameleta kubwa mno."

Odile alivua koti. Alikula vipande viwili vikubwa, miguu yake imenyooshwa karibu na jiko la kuni, huku Roz akisimulia habari yote tangu mwanzo, pamoja na mwavuli, na kuongeza chumvi kila alipoweza. Armand alisikiliza. Roz alipofika kwenye "sio huko," bega la Armand lilianza kutikisika, akashika nyonga yake, akawaomba wanyamaze kwa sababu inamuuma akicheka. Hawakunyamaza.